Nani Asome Faili la Mwanao? Vidokezo kwa Mzazi wa Kagunga

Boti inayotoka Kibirizi, Kigoma, kwenda kaskazini haina haraka. Inapita Gombe, inapita Mwamgongo, na kabla haijafika Kagunga, kijiji cha mpakani mwa Burundi, abiria wameshamaliza habari za watu: nani kafeli, nani karudishwa nyumbani na kwa kosa gani, mtoto wa nani anakunywa dawa kila jioni. Nyingi kati ya habari hizo zilikuwa kwenye daftari la shule kabla hazijapanda boti. Mtu alizisoma, akazibeba.

Sasa kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipita bungeni mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya shule peke yake, kwani benki, hospitali na kampuni za simu nazo zimo. Ila inaihesabu historia ya elimu ya mtu kuwa taarifa binafsi, na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, zile zinazohitaji uangalifu zaidi. Kwa maana hiyo mwalimu mkuu ni mtunzaji wa faili la mwanao, na mtunzaji huulizwa. Mzazi wa kijiji cha mpakani ana sababu ya ziada ya kuuliza. Nimeiweka kwenye kidokezo cha tatu, ndiyo maana ni kirefu kuliko vyote.

1. Jua kwanza shule inashika nini

Wazazi wengi wakisikia "kumbukumbu za mwanafunzi" huwaza ripoti ya muhula tu. Kuna rejista ya uandikishaji, yenye jina, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi na dini. Kuna daftari la mahudhurio. Kuna fomu za maendeleo zinazomfuata mtoto mwaka hadi mwaka. Kuna namba ya PREM, ambayo mtoto hupewa kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani akiwa bado shule ya msingi na ambayo hutumika kwenye uhamisho na usajili wa mtihani. Kuna kitabu cha adhabu. Na mara nyingi kuna karatasi zisizo na jina rasmi: barua ya mganga, maelezo ya ugomvi wa wazazi walioachana, namba za simu za familia nzima.

Hizo za mwisho ndizo za kuulizia. Rejista hufungiwa kabatini. Barua ya mganga hubaki juu ya meza.

2. Omba kuona, tena kwa maandishi

Sheria inampa mwenye taarifa haki ya kujua nini kinashikwa juu yake, kinatumikaje na nani amepewa. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo mzazi au mlezi wake ndiye anayesimama kwa niaba yake.

Usiende siku ya mtihani, wala asubuhi ya gulio. Barua fupi inatosha: "Mimi ni mzazi wa fulani, darasa la tano. Naomba kuona kumbukumbu za mwanangu zilizopo shuleni, na kupewa nakala ya ripoti zake za mwaka huu." Weka tarehe, weka saini, baki na nakala. Kama hujui kuandika, mtu unayemwamini akuandikie, wewe uweke dole gumba. Na wakati wa kusomewa faili mwambie mwalimu akusomee yeye mwenyewe faragha. Asiitwe mwanafunzi wa darasa la saba aliyekuwa anapita dirishani.

Ukijibiwa kwamba "hizi ni nyaraka za serikali", usigombane. Jibu kwa upole: "Sawa mwalimu, nami sitaki kuondoka nazo, nataka kuona za mwanangu tu." Ikishindikana, nenda kwa afisa elimu kata, halafu halmashauri. Tume ipo kwa ajili ya malalamiko yaliyoshindikana huko chini, na inayapokea hata kwa mtandao, jambo la kushukuru ukiwa unaishi mahali ambapo kwenda ofisini maana yake ni nauli ya boti na kulala mjini.

Haki hiyo ina ukuta: unaona ya mwanao. Alama za mtoto wa jirani, hata kama unajua kabisa kwamba hakustahili kuwa wa kwanza, hazikuhusu.

3. Kagua jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa kabla ya darasa la saba

Hapa ndipo Kagunga inapotofautiana na Kinondoni.

Tuanze na herufi. Baba Muha anatamka Rusimbi. Mwalimu aliyetoka Usukumani anasikia na kuandika Lusimbi. Kadi ya kliniki ina moja, rejista ina nyingine, cheti cha kuzaliwa kikipatikana baadaye kina ya tatu. Darasani haimsumbui mtu. Inakuja kusumbua miaka mingi baadaye, kijana anapoomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na cheti chake cha kuzaliwa, kinachohakikiwa na RITA, hakiendani na cheti cha kidato cha nne. Hapo huanza viapo vya mahakamani, picha, mihuri na safari za Kigoma mjini, kwa ajili ya herufi moja.

Halafu tarehe. Mtoto aliyeandikishwa bila cheti mara nyingi alikadiriwa umri. Ukiona mwanao amezaliwa Januari 1, na unakumbuka vizuri kwamba ulijifungua masika, kuna mtu alichoka siku ya uandikishaji.

Tatu, na hili ndilo zito, ni mahali pa kuzaliwa na majina ya wazazi. Kagunga ina ziwa mbele, milima mgongoni, na Burundi hatua chache. Watu wanaoana huku na huku, wanauza dagaa na mawese huku na huku, na bibi mmoja anaweza kuwa na wajukuu wa nchi mbili wanaomwamkia siku moja. Kwa maisha hayo, kijana wa hapa akienda kuomba kitambulisho cha taifa huulizwa maswali ambayo kijana wa Morogoro hayajui: baba yako kazaliwa wapi, babu yako je, una cheti gani. Cheti cha kumaliza shule ya msingi ni moja ya nyaraka anazoweza kuonyesha. Malalamiko ya watu wa Kigoma kuhusu kutiliwa shaka uraia wao yamefika bungeni zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kama rejista ya shule ina kosa kwenye jina la baba, au imeandika kijiji cha ng'ambo kwa sababu mtoto aliletwa siku hiyo na shangazi wa ng'ambo, kosa hilo lina meno.

Sheria inakupa haki ya kudai taarifa isiyo sahihi irekebishwe. Peleka cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, barua ya mtendaji wa kijiji, na omba marekebisho yafanyike kwenye rejista ya karatasi na kwenye PREM pia. Wengi hurekebisha moja na kusahau ya pili. Fanya hivyo mtoto akiwa darasa la nne au la tano, maana jina linaloingia kwenye usajili wa mtihani wa taifa mara nyingi ndilo atakalozeeka nalo.

Na usiitumie nafasi hiyo kumpunguzia mtoto miaka miwili ili acheze mpira wa vijana. Haki ya kurekebisha ni ya kuondoa uongo, haitumiki kuuingiza.

4. Mkihama, faili lihame nanyi

Familia za wavuvi hufuata samaki. Mwezi huu Kagunga, muhula ujao Ujiji kwa mjomba. Mtoto akiondoka bila uhamisho, kwenye daftari la shule ya kwanza anaandikwa mtoro, na kwenye shule ya pili anakuwa mgeni asiye na namba. Uhamisho huanzia kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka, ukapokelewa na shule anayokwenda, maafisa elimu wakiwa katikati. Uliza maswali mawili tu: jina lake limeshatoka kwenye mfumo hapa? Na nini kimeandikwa kwenye maelezo ya tabia? Hilo la pili wazazi hawaliulizi, kumbe ndilo mwalimu mpya analolisoma kwanza.

5. Matokeo: namba ni ya mtoto, usiigawe kama pipi

Ukifungua matokeo ya kidato cha nne utakuta namba ya mtahiniwa, jinsia, daraja na alama za masomo. Jina halipo. Ni kinga ndogo lakini ya maana, na inavunjwa na sisi wenyewe, kwa sababu kufika siku ya matokeo namba ya mtoto inajulikana na ukoo mzima, mwenye duka, na kaka mwenye simu kubwa anayewafungulia watu matokeo kwa shilingi mia tano. Mwache mtoto aangalie wa kwanza. Yeye ndiye aliyefanya mtihani.

Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha utaratibu wa kutangaza wanafunzi bora na shule bora kitaifa. Baadhi ya watu walinung'unika, hasa wenye shule za kulipia waliokuwa wakibandika picha za wanafunzi hao kwenye mabango. Mimi naona uamuzi ulikuwa mzuri, na nasikitika tu kwamba haukushuka hadi kwenye mbao za matangazo za shule za msingi, ambako bado hubandikwa jedwali kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, majina matatu kamili. Wa kwanza angejulikana hata bila karatasi. Karatasi ile inamtangaza wa mwisho.

Kwenye mkutano wa wazazi pendekeza mambo ambayo hayana gharama: orodha ya ukutani itumie namba, ripoti ikabidhiwe mkononi kwa mzazi, na jedwali la darasa lisitupwe kwenye kundi la WhatsApp. Majina ya ambao hawajatoa mchango wa chakula nayo yasisomwe hadharani. Deni ni la mzazi, aibu hubebwa na mtoto.

Na wewe unayeweka ripoti ya mwanao kwenye status, yenye jina, shule na namba, kwa sababu amepata A tano: hongera sana. Weka furaha, ficha karatasi.

6. Picha za watoto zina mwenyewe

Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliipiga faini shule moja ya Uthiru, Nairobi, iitwayo Roma School. Kosa lilikuwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Faini ilikuwa shilingi 4,550,000 za Kenya. Walimu wengi wa Afrika Mashariki walishtuka, kwa kuwa karibu kila shule inafanya hivyo. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, nasi tuna yetu, lakini hoja ni moja: kumwandikisha mtoto shule hakumaanishi kuikabidhi sura yake.

Kagunga inalijua jambo hili kwa undani. Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi walipokusanyika kwenye ufukwe huu mwembamba wakikimbia machafuko ya nchini mwao, na kipindupindu kikawakuta hapo hapo, picha za watoto wao zilizunguka dunia nzima. Ziliamsha misaada, ni kweli. Wale watoto leo ni vijana, na sura zao za siku ile bado zipo huko nje.

Mgeni akifika shuleni na kamera, awe wa shirika, wa utalii wa Gombe au wa chama, kamati ya shule imuulize: picha ni za kazi gani, zitawekwa wapi, na nani atatajwa kwa jina? Picha ya jengo jipya la choo inapendeza hata bila mtoto kusimama mlangoni.

7. Afya ya mwanafunzi haijadiliwi kwenye chumba cha walimu

Fomu za kujiunga na sekondari huja na karatasi ya uchunguzi wa afya inayojazwa na mganga. Ipeleke kwenye bahasha iliyofungwa, mkononi mwa mkuu wa shule au matroni, usimpe mtoto mwenzake aipeleke. Kama mwanao anatumia dawa kila siku, huenda ni busara mwalimu mmoja ajue. Mmoja, aliyechaguliwa na wewe pamoja na mtoto. Hali ya virusi vya Ukimwi inalindwa pia na sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi. Anayeitoa nje bila ruhusa hawezi kujitetea kwamba alikuwa "anashauri tu".

Suala la mimba linahitaji maneno zaidi. Kwa miaka mingi wasichana walipimwa mimba shuleni, majibu yakajulikana kabla wao wenyewe hawajaelewa, na waliokutwa nayo wakafukuzwa. Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, wakati huo Waziri wa Elimu na mbunge wa Kasulu Mjini hapa hapa mkoani Kigoma, alitangaza kwamba waliokatisha masomo kwa sababu hiyo wanaweza kurudi. Waraka wa elimu ukafuata. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi kwamba upimaji wa lazima na ufukuzaji ule ulivunja haki za wasichana wa Tanzania, faragha ikiwamo.

Kwa mzazi ina maana hii: binti akirudi shuleni, sababu ya kukaa nyumbani mwaka mzima haina haja ya kuandikwa kwa wino mwekundu kwenye rejista. Dai aandikwe amerejea masomoni. Mwalimu wa zamu, mpishi na wenzake hawahitaji zaidi ya hapo.

8. Anayeomba orodha ya wanafunzi aeleze anaitaka ya nini

Dodoso, mradi wa vyandarua, mfadhili wa sare, wakala wa laini za simu. Wengine wana kazi halali kabisa. Kamati ya shule idai barua, ijue orodha itakaa kwa nani, na itoe kile tu kinachohitajika. Mtu wa sare anataka saizi. Namba ya simu ya mama haimsaidii kushona.

9. Kwa waliovuka mpaka

Mwaka 2015 MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilibeba wakimbizi kutoka Kagunga hadi Kigoma, takriban 600 kila safari, wakaendelea kwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu. Wengi walikuja bila karatasi yoyote ya shule. Kambini, watoto wa Kirundi na wa Kikongo wamekuwa wakisoma mitaala ya nchi zao, kwa hiyo kila ripoti ya kambini ni ushahidi unaoweza kudaiwa Bujumbura, Uvira au mbali zaidi. Itunze hata kama imeandikwa kwa Kifaransa usichokisoma. Na uwe mwangalifu na nani unamwonyesha: karatasi inayosema mtoto ni mkimbizi inaeleza mengi kuliko alama zake.

Familia kadhaa za Kikongo za Nyarugusu zimehamishiwa Marekani. Ndugu zangu mlioko huko, nchi hiyo ina sheria ya pekee kwa kumbukumbu za wanafunzi tangu 1974. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukuonyesha faili la mwanao ndani ya siku 45 tangu ulipoomba, na unaweza kudai makosa yarekebishwe. Usiogope kuomba kwa sababu ya Kiingereza chako. Barua yenye mistari miwili inaeleweka, na mkalimani asiwe mtoto mwenyewe, hasa kama barua inahusu utoro wake.

10. Nakala, nailoni, mahali pawili

Nyumba za ufukweni zina unyevu, boti zina maji. Piga kopi za vyeti, funga kwenye nailoni, weka seti moja nyumbani na nyingine kwa ndugu wa mjini. Cheti cha mtihani kikipotea, anza polisi upate taarifa ya upotevu, kisha ndiyo uwaone Baraza la Mitihani. Picha ya cheti kwenye simu inasaidia kukumbuka namba. Usiitume kwa kila anayedai ana ajira.

11. Akifika miaka 18

Hapo zamu yako inaisha. Marekani wameiandika wazi: haki juu ya faili humhamia mwanafunzi akifika miaka 18 au akianza chuo. Kwetu, mwenye miaka 18 si mtoto kisheria, na mwenye taarifa ni yeye. Kijana wako wa kidato cha sita ana miaka 19, unampigia mwalimu kuuliza kapata ngapi kwenye mtihani wa majaribio, mwalimu anakujibu, "Baba, muulize mwenyewe." Hajakudharau. Mpigie kijana, na ukisikia anaanza kwa kueleza jinsi mtihani ulivyokuwa mgumu mwaka huu, mpe muda.